Mti wa Mboga Kando ya Karo

Tizimín, 18 Machi 1973

Mjomba Saturnino,

Nimefika, nimepokelewa, ninashiba, na bado sijazoea. Hizo ndizo habari kwa ufupi. Lakini wewe uliyenilea nyumbani na kunifundisha darasani hukubali habari fupi, kwa hiyo endelea kusoma.

Gaspar anashinda na kulala ranchini na ng'ombe wa watu, anarudi Jumamosi. Wiki nzima tunabaki wawili uani, mimi na mama yake. Bi Eustolia si mtu mbaya. Ni mtu wa amri. Kitalu chake kimeinuliwa juu ya nguzo ili kuku wasikifikie, na humo mna giligilani, figili na vitunguu vya majani, vyote vimesimama kama wanafunzi wako siku ya gwaride. Kumwagilia naruhusiwa. Kuchuma, hapana. Jikoni naruhusiwa kukanda unga wa mahindi. Kuonja chumvi, hapana.

Desturi yetu unaijua: mke wa mwana hupika kwenye mafiga ya mama mkwe mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapompimia mahali uani na kumwekea mafiga yake. Kuna wanaopata wajukuu wakiwa bado wanasubiri. Mimi nimemwambia Gaspar wazi: mvua za mwaka ujao zikinikuta sina jiko langu, narudi kwako Kantunchén. Alicheka. Mimi sikucheka.

Leo nimejaribu kuanza na dogo. Nimemwambia Bi Eustolia nataka kupanda chaya, kama ile ya kwetu.

"Panda figili," akasema.

"Figili zipo, mama."

"Basi panda nyingine. Panda kitu kinachoota, kinaliwa, kinakwisha. Sitaki humu mti wa mboga unaokaa miaka na miaka."

"Una ubaya gani?"

"Ubaya wake ni kwamba ua ni wangu."

Nikaendelea kukanda kwa nguvu, mpaka akasema nitavunja meza. Mwishowe akanyoosha kidole kando ya karo la kufulia, penye mwamba mtupu na mapovu ya sabuni. "Kijiti kimoja. Kikiota, kimeota."

Nitumie kijiti, Mjomba.

Wako,
Nidelvia


Kantunchén, 25 Machi 1973

Mpwa wangu Nidelvia,

Asubuhi hii nimempa Melitón, dereva wa basi, vijiti vitatu vilivyofungwa kwa gazeti. Kimoja ni cha kupanda na viwili ni vya tahadhari, maana Bi Eustolia alisema kimoja, lakini hakusema ukikosea usirudie. Barua hii naipeleka posta, kwa kuwa ni ndefu na Melitón husoma anachobeba.

Sasa tulia. Chaya ni ndugu wa muhogo, na ukiikata inatoa maziwa. Ukikifukia kijiti na maziwa yake, kidonda kikiwa wazi, kitaoza. Kwa hiyo kilaze kwanza kivulini, mahali pakavu, mpaka kidonda kifunge na kuwa kigumu kama kisigino cha mkulima. Usikiweke juani, maana jua litakinyonya kiwe kuni. Vijiti vikiwa vingi, vilaze vyote miguu upande mmoja, usije ukasahau wapi ni chini na wapi ni juu, ukapanda kitu kichwa kikiwa ardhini. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo, na mmoja alikuwa diwani.

Kikishakauka, tafuta ufa wenye udongo mweusi kati ya mawe, kisimamishe, kisha kisahau. Hilo la mwisho ndilo gumu kwako. Chaya haipendi kubembelezwa kwa maji.

Ikishaota, usiivue majani yote kwa siku moja. Yapike kwenye chungu, si kwenye sufuria ya alumini, na uyachemshe hasa, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu. Na kabla ya kuchuma, omba ruhusa. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote, na mimi huiomba chaya ruhusa kila ninapoisogelea: "Samahani, bibi, nachukua kidogo, usiniwashe." Asiyeomba huwashwa. Waweza kuniambia kwamba anayeomba husogea taratibu na kushika majani kwa adabu, ndiyo maana vile vinywele vya majani havimpati. Sawa. Lakini omba.

Kuhusu lile ulilomwambia Gaspar: mlango wangu uko wazi, ila usiutumie kama fimbo.

Mjomba wako,
Saturnino Cauich


Tizimín, 9 Aprili 1973

Mjomba,

Barua yako imefika leo. Vijiti vilifika siku ile ile ulipovituma. Nadhani umeshaelewa.

Nilivipanda jioni hiyo hiyo, vyote vitatu, maziwa yakitiririka. Nikavimwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kufulia, na kuviimbia. Sasa vimekuwa laini kama ndizi iliyosahauliwa. Kimoja nahisi nilikipanda kichwa chini, lakini hakuna tena wa kumuuliza.

Bi Eustolia alikuja kutazama, mikono kiunoni.

"Umepanda mwiko?"

"Ni chaya, mama."

"Ahaa. Na kesho utapanda kikaango?"

Nilicheka, Mjomba. Sikutaka, lakini nilicheka, naye akacheka, kisha akakumbuka kwamba yeye ni mama mkwe, akaacha.

Tuma vingine. Mara hii barua na vijiti visafiri pamoja. Melitón na asome.

Nidelvia


Kantunchén, 30 Aprili 1973

Mpwa wangu,

Hivi ni viwili, nimevikausha mwenyewe. Kwenye kila kimoja nimechora mshale wa mkaa unaoelekea juu. Ukikosea na hapo, nitaiandikia wizara wakunyang'anye cheti cha shule, ambacho nilikitia sahihi mimi.

Melitón, ukisoma hapa, usiviegemeze kwenye injini.

S. Cauich


Tizimín, 20 Januari 1974

Mjomba mpendwa,

Najua nimekaa kimya. Nilikuwa nakisahau kijiti, kama ulivyoagiza, na kazi hiyo huchukua muda.

Kimoja kilikufa. Kingine, Mjomba, njoo ukione! Kilikaa mpaka mvua za Juni kikiwa kama kigingi cha kufungia mbuzi, nami nikapita kando yake bila kukitazama, ila kwa pembe ya jicho. Kisha kikatoa chipukizi, kisha jani lenye vidole, na sasa kimepita paa. Kuku wanalala chini yake mchana. Majirani wanaofua nguo hapa wanauliza, "Huu mti wa nani?" nami najibu, "Wangu." Katika ua huu hakuna kitu kingine ninachoweza kukijibia hivyo.

Naomba ruhusa kila mara. Nachuma majani machache tu, yale ya chini. Siku ya kwanza niliyachemsha, nikayakata, nikayakaanga na mayai na mbegu za maboga zilizosagwa. Bi Eustolia akalitazama bakuli.

"Chakula cha watu wasio na kitalu," akasema.

Akaongeza. Akaongeza tena, akieleza kwamba anachukia kuona chakula kikimwagwa. Mayai yalipokwisha akafuta bakuli kwa chapati ya mahindi, akaenda zake kuongea na figili zake.

Kuhusu jiko, hakuna neno. Gaspar anasema nisubiri. Mvua hazitasubiri.

Nidelvia


Kantunchén, 3 Aprili 1974

Nidelvia,

Umeniandikia kwamba mti umepita paa, na ulitaka nifurahi. Nimefurahi, sasa nakukaripia.

Chaya iliyopita paa inalisha ndege. Mti wa mboga haufugwi kwa ajili ya urefu. Ukiuacha, nguvu zote zinakimbilia kule juu usikofika, majani yanakuwa madogo na magumu, na shina linabaki uchi kama mguu wa kuku. Ukate. Ukate kwa panga usawa wa goti, sasa, kabla ya mvua. Utaona kisiki tu na utalia. Kisha mvua moja, mbili, na mahali palipokuwa na shina moja yatatoka manne, na majani mapana laini usawa wa mkono wako. Ndivyo chaya ya hapa kwangu ilivyoishi tangu mama yako alipokuwa mtoto: imekatwa mara nyingi kuliko nywele zangu.

Kata.

Mjomba wako


Tizimín, 21 Aprili 1974

Mjomba,

Barua yako niliisoma kwa sauti pale karoni, nikibishana nayo kila mstari. Siukati. Wewe una uani kwako chaya na michungwa na nyumba nzima. Mimi nina mti huu mmoja. Acha uwe mrefu, angalau unaonekana kutoka barabarani.

Usinikasirikie.

Nidelvia


Tizimín, 28 Mei 1974

Mjomba,

Wameukata.

Nilikwenda mashineni kusaga mahindi. Niliporudi palikuwa na kisiki kinachotoa maziwa, usawa wa goti, na kuku wamesimama wakitazama mahali palipokuwa na kivuli. Matawi hayapo. Hata jani moja chini hakuna.

Nikamuuliza Bi Eustolia kama ameona mtu. Akasema hakuona. Lakini mikono yake, Mjomba! Miekundu mpaka kwenye viwiko, imevimba, na anajikuna kwenye aproni akidhani sioni.

"Mama, mikono imekuwaje?"

"Mbu."

"Mbu wa mchana?"

"Mbu wa Tizimín hawana saa."

Nimemwacha akijikuna, kwa sababu ningefungua mdomo ningesema mambo ambayo hayarudishwi. Mawingu tayari yanajikusanya. Nilisema mvua hazitanikuta hapa bila jiko, na sasa hata mti sina. Jumapili napanda basi la Melitón. Gaspar akinitaka, anajua njia ya Kantunchén. Nampenda, na hilo ndilo linalonifanya nilie ninapofunga begi.

Nitengee kona yangu ya zamani.

Nidelvia


Tizimín, 28 Mei 1974

Mwalimu Cauich,

Mimi si mtu wa barua, na kalamu hii ya mwanangu inavuja. Utanisamehe.

Nilimsikia mpwa wako akisoma barua yako pale karoni, akikusuta. Ulisema mti ukatwe. Haukukatwa. Mvua ziko mlangoni. Basi leo nimeukata mimi, alipokwenda kusaga. Nilikuwa na haraka, sikuomba ruhusa wala nini, na sasa mikono yangu imevimba kama ya mtu aliyeiba asali. Nimestahili.

Jambo lenyewe ni hili. Nimempimia mahali upande wa mashariki wa ua, karibu na mchungwa. Gaspar anakata fito huko ranchini, nami nimemkataza kusema. Pale litakuwa jiko lake. Nataka lizungukwe na chaya pande tatu, na vijiti nisingepata kokote, kwa sababu mti ni mmoja na yeye anaulinda kama yai. Hajui chochote. Usimwambie. Nikimwambia atanishukuru, na mimi nikishukuriwa huwa sijui niweke wapi uso. Afadhali aone fito zikishuka kwenye lori.

Utauliza kwa nini nilimkatalia mwanzoni. Mke wa mwanangu mkubwa alipanda chaya pale pale kando ya karo. Baadaye wakahamia pwani, yeye na mwanangu. Chaya ikabaki. Kila nikienda kufua naikuta imechipua, mbichi, imechangamka, na mwenyewe hayupo. Niliivumilia, kisha nikaing'oa kwa mtaimbo. Figili haimwachii mtu huzuni. Huyu sikutaka apande kitu kitakachobaki ikiwa naye ataondoka.

Lakini huyu naona anakaa.

Niambie pia mikono naipaka nini.

Eustolia Poot


Kantunchén, 29 Mei 1974

Bi Eustolia,

Mikono: ipake shubiri, jani lililopasuliwa, ute wake asubuhi na jioni.

Ulimi: utumie. Utumie kabla ya Jumapili. Siwezi kusema zaidi, kwa sababu Melitón amenikabidhi barua mbili kwa mkono mmoja, na wote wawili mmeniamini.

Saturnino Cauich


Kantunchén, 29 Mei 1974

Nidelvia,

Kona yako ipo. Nimeifagia.

Kuna mtu amenipa siri yake, na mimi si wa kuitoa. Basi nitakuuliza swali tu, kama darasani, na utajijibu mwenyewe kwa macho yako.

Kabla hujapanda basi, tafuta matawi ya mti wako yalipo. Hayawezi kuwa yameyeyuka. Zunguka nyuma ya banda la nguruwe, tazama chini ya paa, tazama popote. Ukiyakuta yametupwa juani, yamekunjamana, njoo nyumbani. Nitakuwa kituoni nikikungoja, na wala sitakuuliza kitu. Lakini ukiyakuta yamelazwa kivulini, mahali pakavu, miguu yote upande mmoja, basi keti chini uwaze: mtu aliyekata kwa chuki, angejisumbua hivyo kwa ajili ya nini?

Barua hii ni fupi kuliko kawaida yangu. Ichukulie kuwa nakupigia kelele.

Mjomba wako


Tizimín, 14 Julai 1974

Mjomba wangu,

Umeniandikia mara mbili ukiniuliza kulikoni, na simu ya maandishi uliyompelekea Gaspar imewafurahisha watu wa ranchi nzima. Nisamehe. Mikono ilikuwa imejaa udongo. Sasa kaa vizuri.

Jumapili ile nilitoka na begi, Gaspar akiwa amebaki ranchini kukata fito, Bi Eustolia akiwa hayuko mbele ya nyumba. Nilifika kituoni, nimeweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, Melitón akaniangalia akapiga paji la uso.

"Ngoja! Una barua. Tangu Jumatano."

"Iko wapi?"

"Niliiweka kwenye kofia isipotee."

"Na kofia?"

"Kofia ndiyo iliyopotea. Nimeipata leo chini ya kiti."

Nikaisoma pale pale, mguu mmoja juu, mmoja chini. Abiria wakapiga kelele, "Binti, unapanda au unasoma?" Mama mmoja mwenye bata mzinga akasema, "Mwacheni, hamwoni analia?" Mwingine akasema, "Basi alie chini, sisi tuna safari." Nikashuka.

Nyuma ya banda la nguruwe, chini ya makuti, palikuwa na magunia yametandikwa. Juu yake vijiti, Mjomba, vingi, vimekatwa sawasawa, miguu yote upande wa ukuta. Na kando yake Bi Eustolia ameketi chini, mikono imepakwa shubiri, barua yako imekunjwa mapajani. Alikuwa ameniona nikitoka na begi. Alikuwa hajui afanye nini na mwili wake, ndiyo maana alikuwa anavigeuza vijiti kimoja kimoja, wakati havihitaji kugeuzwa.

"Basi limekuacha?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Limeniacha."

"Vizuri. Shika upande ule wa gunia, hapa mvua itapiga."

Tukalisogeza. Nikamuuliza vijiti ni vya nini. Akasema ni vya mtu. Nikamuuliza mtu gani. Akasema, "Mtu mmoja mbishi." Nilipotazama niliona machozi yanamtoka huku uso umekaza kama wa afisa wa forodha. Akaniambia habari za chaya ya zamani, ile ya mke wa shemeji, na mtaimbo. Kisha akasema, "Ungesema unaondoka."

"Na wewe ungesema unakata."

"Mimi sijui kusema."

"Hata mimi, mama. Nimekuwa nikimwambia mti."

Hapo tukacheka, tena sana, mpaka nguruwe wakaamka. Na mara hii hakukumbuka kuacha.

Gaspar alikuja na lori la fito Jumamosi iliyofuata, akashuka akijikuna kichwa, akisubiri nishangae. Nilishangaa kwa heshima yake. Ndugu na majirani wakafunga fito na kuezeka, nasi wawili tukapanda vijiti vyote kuzunguka, mimi nikitoboa kati ya mawe kwa mtaimbo, yeye akisimamisha na kukandamiza. Alinisahihisha kila kimoja. Nami nilimsahihisha viwili, na alikubali kimoja. Karibu vyote vimetoa macho. Kisiki kile cha karoni nacho kimefanya ulivyosema: machipukizi manne, majani mapana kuliko uso wa mtoto.

Leo asubuhi ameniwekea mafiga. Alichagua mawe mwenyewe, akayapanga, akayatikisa, akayapanga tena, akaondoka kabla sijashukuru. Nikawasha moto. Nikapika tamali, unga wa mahindi uliofungwa kwa majani ya chaya, mayai na mbegu za maboga ndani yake, chumvi nikaonja mwenyewe, ikazidi kidogo, nikaiacha ilivyo.

Chakula kilipoiva nikasikia viatu vyake nje. Unajua alivyo: katika ua huu yeye huingia popote, anafungua vyungu, anafunika, anasogeza kuni zako. Nikangoja mlango usukumwe. Haukusukumwa. Nikachungulia kati ya fito. Bi Eustolia alikuwa amesimama nje, nywele zimechanwa, amevaa gauni jeupe la tarizi analolivalia kanisani, ameshika figili tano zilizofungwa kwa uzi, kama mtu aliyekuja ugenini.

Alikuwa anasubiri kukaribishwa, Mjomba.

Nikafuta mikono, nikasogeza kiti, nikasimama katikati ya jiko langu.

"Karibu, mama," nikasema. "Ingia ndani."

Mpwa wako,
Nidelvia